Fundi Notorious

Milembe alikuwa amepiga magoti katikati ya soko la Bariadi, akiokota vifungo vilivyomwagika huku watu wakimruka. Kijana mmoja mwenye vidole vya rangi ya bluu akachuchumaa kumsaidia.

"Mwangaluka, fundi," akamsalimu Kisukuma.

"Mwangaluka. Usinipakie rangi vifungo vyangu."

Ndiye Mwandu, mchora mabango. Tangu siku hiyo simu ya Milembe haikupumzika.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula, msumbufu wewe."

"Nakuja kuhakikisha."

Milembe alikuwa ndiyo kwanza amefungua kibanda chake cha ushonaji. Bosi wake wa zamani alimfukuza kwa kumsingizia wizi wa vitambaa, na maneno yalikuwa bado yanazunguka mjini. Mwandu akaapa kumsafishia jina. Asubuhi moja akamtundikia bango jekundu juu ya mlango: MILEMBE, NOTORIOUS TAILOR.

Lilimpendeza, mpaka mwalimu Lukresia alipokuja na kitenge chake, akasita mlangoni.

"Nani kakuandikia hivi? Notorious ni mtu anayejulikana kwa ubaya. Jambazi, kwa mfano."

Milembe alipiga simu.

"Mwandu, umesikia wanavyonisema, ukaona unitundikie mlangoni?"

"Nimekutundikia nini, mama? Mbona sikuelewi?"

"Muulize mwalimu yeyote maana ya notorious!"

Akakata, akazima simu. Akashona mkono wa kulia upande wa kushoto, akafumua, akakosea tena. Kila pikipiki iliyopita ilimwinua kitini. Akawasha simu, akaizima.

Mchana, soko likiwa limefurika, akasikia ngazi ikigonga ukuta.

"Jamani, nisikilizeni!" Mwandu alikuwa juu, jasho linamtiririka. "Neno hili nililisikia redioni, nikadhani maana yake ni maarufu. Ujinga ni wangu. Huyu dada hajamwibia mtu!"

Akalifuta kwa brashi pana, rangi ikimchuruzikia shati lake jeupe la kanisani. Milembe akatoka, gauni la njano, futikamba shingoni, macho mekundu.

"Shuka, utaanguka."

"Sishuki mpaka unisamehe."

"Nikikusamehe?"

"Nakwenda Nkololo kwa baba yako. Nataka kukuoa, Milembe."

Wauza nyanya wakapiga vigelegele. Milembe akaishika ngazi kwa mikono miwili isiyumbe.

"Basi shuka. Na kwetu usiende na Kiingereza chako. Nenda na ng'ombe."