Nilimwona Kajuju Akimwaga Kitu Cheupe Kwa Nyanya Zangu

Nilimwona kwa macho yangu mawili!

Saa kumi na mbili asubuhi, jua bado. Nimesimama kwa mlango wa jikoni na birika mkononi… na Kajuju, rafiki yangu kwa miaka sita sasa, ameinama katikati ya nyanya zangu na mkebe.

Anamwaga kitu.

Kitu cheupe!

Mche kwa mche, hana haraka. Akimaliza mstari anaangalia nyuma kama mwizi, halafu anaanza mwingine.

Sikupiga kelele. Nilirudi ndani nikapika chai, nikaimwaga kwa kikombe, nikanywa yote. 

Ngojeni, msinihukumu bado.

Jana kuna kijana ameuliza kwa hii group yetu ya wakulima, "Hapa Isiolo mnapimia wapi udongo?" Mkamjibu vizuri, aende ofisi ya kilimo. Mimi nikabaki nimeshika simu ya mjukuu wangu nikiangalia hayo majibu… kuna kitu hamkumwambia. Mimi nilikijua mwaka wa 1983, na sijakisahau.

Naitwa Sirad. Babu yangu alikuwa askari wa Mwingereza, vita ikaisha akaachwa hapa Isiolo na kofia na barua ya kusema alikuwa mtu mzuri. Nimezaliwa mtaa wa Wabera na hapo nitazikwa, inshallah.

Bwana yangu Kulmiye alikuwa na lori. Alipeleka unga, sukari, na chumvi ya ng'ombe kwa wafugaji wa Gotu na kwingine huko. Mwezi wa kwanza mwaka huo lori ikapinduka njia ya Marsabit. Wakamzika hukohuko. Mimi nililetewa koti na kiatu kimoja.

Watu walilia jamani! Mimi nilikaa chini nikachagua mawe kwa mchele.

"Analia ndani kwa ndani," wakasema.

Uongo. Ndani hakukuwa na kitu. Ilikuwa ganzi, kama mguu ulioukalia vibaya, lakini mwili mzima.

Nikaingia eda. Miezi minne na siku kumi mjane anakaa kwake, haendi sokoni, haendi harusini, hatoki nje ya boma. Boma letu nyuma lilikuwa na kashamba kangu, kamefika mpaka kwa mfereji unaotoka mtoni. Ng'ambo ya ua wa miiba ilikuwa shamba la Kajuju.

Kajuju alikuwa Mmeru, mjane pia, mdomo mkali, mikono migumu kama jembe lake. Yeye ndiye alinifundisha nyanya, maana sisi watu wetu walijua ngamia na biashara tu. Neno moja la Kisomali alilijua, abaayo, yaani dada. Miaka hiyo yote sikuwa nimemsikia akiniita jina lingine.

Siku ya ishirini ya eda, shemeji yangu Hirsi, ndugu ya Kulmiye, alikuja akasimama shambani.

"Sirad, hizi nyanya zinakufa."

"Naona."

Ilikuwa kweli. Leo miche mitatu, kesho mitano, unaamka unaipata imelala chini tu.

"Huu udongo umechoka," Hirsi akasema. "Eda ikiisha naweka yadi ya malori hapa."

"Na mimi na wasichana wangu tutakula nini?"

"Mtakuja kwangu. Nitawalisha."

Hirsi hakuwa mtu mbaya, msimwelewe vibaya. Lakini kwake kulikuwa na wake wawili na watoto tisa, na mimi ningekuwa mgeni hapo mpaka kufa kwangu, nikiomba hata kiberiti. Hako kashamba ndiko kitu pekee nilichokuwa nacho.

Nilitaka kusema hivyo. Nikaokota tu mche mmoja uliolala.

Kajuju alikuwa anasikiliza ng'ambo ya ua. Si ndiye!

"Aii, Hirsi! Wewe unajua udongo ama unajua tairi? Upimwe! Upelekwe ofisi ya kilimo, serikali iseme!"

Hirsi akacheka kidogo. "Sawa. Barua ya kilimo ikisema udongo ni mzuri, sigusi hapa. Ikisema ni mbaya, naleta tingatinga. Na wewe mama, usiingie huku tena. Hii ni nyumba ya eda, si soko."

Basi Kajuju akatembea mpaka ofisi ya kilimo, akaongea na afisa, Bwana Mbae, akarudi na maagizo akinisomea kupitia miiba.

"Abaayo, chimba mahali tano. Usichukue ya juu, ingia chini kama shibiri. Changanya kwa karai, toa kilo moja, weka kwa mfuko safi. Umeskia? Safi!"

"Nimeskia."

Nilichimba mwenyewe. Nikachanganya mwenyewe. Kwa stoo kulikuwa na mfuko mweupe mzito wa Kulmiye, alitoka nao kwa lori safari ya mwisho kabla ya ile ya ajali. Nikaukung'uta mara tatu. Sikuuosha. Ulikuwa na harufu yake bado, ya dizeli na jasho, na nilipoweka uso humo nilikaribia kuhisi kitu… lakini kikapita.

Nikatia udongo, nikafunga na kamba. Hirsi akaupeleka.

Udongo wenyewe ulikuwa unapelekwa maabara Nairobi. Wiki sita, wakasema.

Wiki ya tano ndiyo nikamwona Kajuju na ule mkebe.

Nilinyamaza. Mtaniuliza kwa nini. Sijui! Nilikuwa namwona kama mtu yuko mbali sana, kama si shamba langu.

Wiki iliyofuata Hirsi akaja na barua. Akaisoma amesimama.

"Chumvi imezidi sana. Haifai mboga. Haifai chochote." Akaikunja. "Pole, Sirad. Nilitaka ikuwe nzuri, wallahi."

Chumvi!

Hapo ndipo nikaongea, na sauti ikatoka baridi hata mimi mwenyewe nikaisikia.

"Ni Kajuju."

"Kajuju gani?"

"Nimemwona alfajiri akimwaga kitu cheupe. Shamba langu likikufa, zamu yangu ya maji anachukua yeye."

Mnaona hiyo akili? Udongo niliuchimba wiki tano kabla ya kumwona na mkebe! Hiyo hesabu mtoto wa darasa la pili anaipiga. Mimi sikuipiga, na Hirsi pia hakuipiga.

Jioni hiyo boma likajaa. Lochoro, mwenyekiti wa kamati ya mfereji, mzee wa Kiturkana asiyependa maneno mengi, akakaa kwa kigoda mbele ya mlango. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia na nguo yangu nyeupe ya eda. Kajuju wakamleta na matope yake miguuni.

"Abaayo, ni jivu!" akalia. "Ni jivu ya jikoni yangu! Kuna wadudu wanakata hizo nyanya, sikutaka Hirsi anione tu!"

Hirsi akainua barua. "Na hii? Serikali pia imeona jivu?"

Kajuju akaiangalia. Barua yenyewe yeye ndiye aliitafuta.

Lochoro akageukia pazia. "Mama, uliona kwa macho?"

"Niliona kwa macho."

"Ni chumvi?"

Nyanya zilikuwa hatua ishirini kutoka pale. Jivu lilikuwa bado limezunguka miche. Watu kumi na zaidi, na hakuna hata mmoja aliyeinama akachukua kidogo akaonja.

"Ni chumvi," nikasema.

"Unaapa?"

"Wallahi."

Nikasikia Kajuju akivuta pumzi. Hakuniita abaayo tena.

Kesho yake kamati ikaziba mlango wake wa maji kwa mawe na gunia. Kiangazi cha Isiolo mnakijua. Siku ya nne sukuma wiki zake zikainama, siku ya tisa zikawa karatasi. Siku ya kumi nilimwona kupitia ua akifunga sufuria kwa shuka. Alikuwa anarudi kwao Kiirua, huko juu kwa kaka yake.

Alisimama kidogo akiangalia upande wangu. Mimi nilikuwa naanika nguo. Niliendelea kuanika.

Wiki mbili baadaye, mlango ukagongwa. Mwanaume amevaa kofia ya jua, vumbi mpaka kwa kope, na Hirsi nyuma yake.

"Habari ya hapa. Mimi ni Mbae, wa kilimo. Nilikuwa Kinna, kwa mashamba ya maji, nimerudi jana. Nimeona nakala ya hii barua yenu nikashindwa kulala. Mama, udongo ya huu mto naijua. Haiwezi kuwa na chumvi hivi, hata kidogo. Ingekuwa hivyo hata nyasi haingeota!"

"Kuna mtu aliimwaga," Hirsi akasema.

"Gunia ngapi?"



Bwana Mbae akaingia shambani. Akachota udongo akaweka kwa ulimi. Akatema. Akaenda mahali pengine, akaonja tena. Akachimba na kidole kwenye mche ulioanguka, akatoa funza mmoja mweusi mnene, amejikunja.

"Huyu ndiye anakukatia nyanya. Usiku anakata, mchana analala. Lakini naona mtu amekuwekea jivu, na zile ziko na jivu zimesimama!"

Nikaangalia. Zilikuwa zimesimama. Mistari minne, mibichi kabisa, na mimi nilikuwa nimepita hapo kila siku.

"Ile udongo mliniletea mlitia ndani ya nini?" akauliza.

"Kwa mfuko."

"Uko?"

Hirsi alikuwa ameurudisha kutoka ofisini, huko udongo ulihamishwa. Niliutoa stoo nikaupitisha kwa pazia. Bwana Mbae akaugeuza ndani nje, akakwaruza kwa mshono na kucha, akalamba.



"Mama… hii ni mfuko ya chumvi ya ng'ombe."

Mfuko wa Kulmiye. Najua mlikuwa mnamfikiria Hirsi! Hata mimi ningefurahi kumshuku Hirsi. Lakini ni mimi. Ni mikono yangu ilikung'uta, ni mimi sikutaka kuuosha.

"Hiyo jivu ni ya yule mama Mmeru?" Bwana Mbae akaendelea, hajui anafanya nini. "Alikuja tena ofisini kabla sijaenda Kinna. Ananiambia nyanya za dada yake zinakatwa na yeye yuko eda, hawezi kutoka kutafuta dawa. Nikamwambia dawa ni bei, weka jivu ya kuni, asubuhi mapema kabla umande haujakauka. Alifanya vizuri. Yuko wapi nimsalimie?"

"Alirudi kwao Kiirua," Hirsi akasema, akiangalia zile sukuma zilizokauka ng'ambo ya ua.

Alichukua udongo mwingine kwa karatasi mpya, yeye mwenyewe. Barua ya pili ikasema udongo ni mzuri, utiwe samadi tu. Hirsi akaisoma mara mbili, akaniwekea juu ya meza, akapeleka malori yake kwingine. Mtu wa neno lake.

Eda ilipoisha nilivaa viatu, nikajaza kikapu nyanya za ile mistari minne, nikapanda Kiirua. Kabla ya kuondoka nilimpitia Lochoro nikamwambia ukweli wote, na kwamba niliapa uongo. Aliondoa ile mawe mwenyewe siku hiyohiyo, lakini shamba la Kajuju lilikuwa limeshakuwa vumbi.

Kajuju alikuwa nje akipukuchua mahindi. Hakusimama.

"Umemaliza eda?"

"Nimemaliza. Kajuju, ilikuwa mfuko. Mfuko wangu. Nilikosea, niliapa…"

"Bwana Mbae alinipitia. Najua."

"Nisamehe."

Akachukua nyanya moja kwa kikapu, akaigeuza, akaibonyeza na kidole gumba kama mtu wa sokoni.

"Zilishika?"

"Zilishika zote."

"Hii ilikosa maji kidogo." Akairudisha. "Pole na bwana yako. Ule wakati sikukupa pole vizuri, nilikuwa nafikiria wadudu."

"Rudi nyumbani, Kajuju. Maji yako yamefunguliwa."

"Enda sasa, mama, usikose gari."

Mama! Kama vile unavyomwambia mtu aliyekuja kuuliza njia.

Nilirudi mpaka barabarani, nikakaa juu ya jiwe na kikapu kimejaa vilevile. Na hapo, miezi mitano baada ya Kulmiye kufa, ndipo nikalia. Nililia kwa sauti, nikamwita Kulmiye, nikamwita Kajuju, mpaka wanawake wa Kiirua wakatoka majumbani kuniuliza ni nani amekufa.

Hakurudi. Shamba lake lilipewa mtu mwingine.

Kwa hivyo wewe kijana uliyeuliza: enda ofisi ya kilimo, watakusaidia. Chimba mahali tano, changanya, tumia mfuko mpya ambao haujawahi kubeba kitu.

Na mtu wako akikuambia ni jivu… usiape. Inama, chukua kidogo, weka kwa ulimi.