Kutu ya Kosuke

Kosuke alimkanyaga Chizuru kwenye ngazi za stesheni ya Kyoto, kisigino cha kiatu kikang'oka, akambeba mgongoni mpaka kwa fundi, abiria wakiwacheka. Mapenzi yakaanzia hapo.

"Kazi yako nini, mbebaji wangu?"

"Nahangaika na kutu."

Chizuru akadhani kiwanda cha vyuma. Lakini vyuma gani hivyo, na kucha za bwana zinang'aa kuliko zake? Halafu zile simu! "Mzee amegoma kula? Nakuja!" Mzee yupi, na baba yake Kosuke alishakufa? Roho ya Chizuru haikutulia tena.

Siku moja kabla ya kumpeleka kwa wazazi wake, Chizuru alimwona ng'ambo ya barabara. Suti nyeusi, tai nyeusi, ananunua krisanthemamu nyeupe, maua ya kuagia wafu. Akampigia.

"Uko wapi, mpenzi?"

"Kazini, kipenzi."

Muongo mkubwa! Ana mke aliyekufa, au ana msiba anaouficha? Kesho amwingize nyumbani mtu asiyemjua? Akamfuata.

Nyuma ya chuo kikuu, watu waliovaa nyeusi walipanga foleni mbele ya jiwe la kumbukumbu. Kosuke aliweka maua, akainama, machozi yakamtoka. Chizuru akashindwa kujizuia.

"Alikuwa mkeo?"

Foleni nzima ikageuka.

"Panya," Kosuke akanong'ona.

"Unasemaje wewe?"

"Panya wa maabara, Chizuru. Wazee. Kila mwaka tunawaombea. Ubongo ukizeeka unashika kutu, na kinachoutia kutu ni hewa hii hii tunayovuta. Kuna vimeng'enya vinavyoulinda. Vikipungua, mtu anasahau hata jina la mwanawe. Kuvipima lazima nifungue vichwa vyao."

"Kwa hiyo unawaua."

"Nawaua."

Chizuru akaitazama mikono ile safi, mwili ukamsisimka. Alichukia, tena sana.

"Mbona hukusema?"

"Wa kabla yako nilimwambia. Hakunipa tena mkono."

"Mimi ndiye yeye? Nimekosa usingizi kwa huyo mzee wako, leo nikamwonea wivu marehemu, kumbe panya! Ungeniambia, nikasirike, yaishe!"

"Nisamehe, mama."

"Usiniite mama. Kesho utasema mwenyewe, mbele ya baba na mama. Yote, na vichwa vyote."

"Wakinifukuza?"

Chizuru akamshika mkono, mwili bado unamsisimka.

"Watatufukuza wote wawili."