Alichokiona Dessa Shuleni Tolliver

Kila asubuhi, kabla basi la shule halijafika, Odessa Tisdale alikula mkate wake wa kuchoma huku wazazi wake wakirushiana maneno juu ya kichwa chake. Zamani walikuwa wakizungumzia theluji, bei ya petroli au nani ataosha vyombo. Tangu mwaka mpya uingie, habari ilikuwa moja tu: Dessa, kama wote walivyomwita, atasoma shule gani ya kati akimaliza darasa la tano.

Kaunti yao ilikuwa imewapa njia mbili. Angeweza kwenda Tolliver, shule ya mtaa wao, ambayo mtu angeifikia kwa miguu. Au wazazi wake wangeweza kumwombea nafasi Wexmoor, upande wa pili wa kaunti, ambako majina yalichaguliwa kwa bahati nasibu. Maombi yalifungwa mwisho wa Januari.

"Wexmoor imepewa tisa kwa kumi," alisema mama yake, Lorraine, huku akifunga vifungo vya sare yake ya kliniki ya meno. "Tolliver imepewa nne. Nne, Vernon! Ungepeleka gari lako kwa fundi mwenye nne kwa kumi?"

"Hizo alama anatoa nani? Mtu kakaa kwenye kompyuta, hata mlango wa shule haujui," alijibu baba yake, ambaye kazi yake ilikuwa kutengeneza mitambo ya kupasha nyumba joto. "Mimi nimesoma Tolliver. Nimeharibika wapi?"

"Ulisoma huko simu zikiwa bado zimefungwa ukutani!"

Kisha, kama kawaida, wote wawili walimgeukia. "Haya Dessa, wewe unataka wapi?"

Dessa aliinua mabega, akajaza mkate mdomoni ili asiweze kujibu. Ukweli ni kwamba hakujua. Akimsikiliza mama, Wexmoor ilimvutia. Akimsikiliza baba, Tolliver ilimvutia. Kituoni, rafiki yake Marisol Quintanilla, wa nyumba ya jirani, alimwambia kuwa Tolliver kuna bendi, na kwamba yeye ameshamwambia mama yake anataka kupiga tarumbeta. Ndani ya basi, Bryce wa darasa lao akacheka.

"Tolliver? Huko si wanapelekwa waliokosa pa kwenda? Mtapiga tarumbeta mkiwa na helmeti kichwani!"

"Umeshafika huko wewe?" Marisol alimuuliza.

"Sihitaji kufika. Kila mtu anajua."

Dessa alitazama dirishani. Kila mtu anajua, alijiambia, isipokuwa mimi.

Jumanne iliyofuata, darasa lao lote lilipelekwa kuitembelea Tolliver. Marisol hakwenda; alikuwa amelala kwa homa. Aliyewatembeza wageni alikuwa Mwalimu Sung, mwalimu wa muziki, mtu mwembamba mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake. Aliwaonyesha chumba cha sayansi, ambako wanafunzi walikuwa wakifuga samaki kwenye tangi refu, na Dessa akauliza samaki wanalishwa na nani siku za likizo. Mwalimu Sung alicheka, akasema ni yeye, na kwamba hata siku ya Krismasi alikuja.

Dessa alipenda lile tangi. Lakini dari ya ukumbi ilikuwa na madoa ya maji, na kwenye korido kulikuwa na kelele nyingi, wanafunzi warefu wakipishana na kuitana. Kijana mmoja alimgonga begani, akageuka, akamwambia, "Samahani, mdogo wangu," akaendelea na safari yake. Dessa alirudi nyumbani moyo ukiwa vipande viwili: kimoja kikitaka kurudi kule kesho, kingine kikitetemeka.

Jioni ile, makaroni na jibini hayajapoa mezani, maswali yakaanza.

"Enhe, umeonaje?" aliuliza baba yake akitabasamu. "Mwambie mama yako."

"Usimlishe maneno, Vernon. Dessa, sema ulichokiona. Jengo limechoka, sivyo?"

"Sasa nani anamlisha maneno?"

"Mimi nataka mtoto apate ninachokosa kumfundisha!"

"Na mimi nataka mtoto alale hadi saa kumi na mbili, sio aamshwe gizani kukimbilia basi la Wexmoor!"

Sauti zilipanda. Dessa alitazama uso mmoja, akatazama wa pili. Akisema aliipenda Tolliver, mama ataumia. Akisema hakuipenda, baba ataumia. Akisema hajui, wataendelea hivi hadi mwisho wa mwezi. Ndipo maneno yakamtoka kabla hajayafikiri.

"Walikuwa wanapigana."

Mama aliisukuma sahani yake kando.

"Nani?" aliuliza mama.

"Wanafunzi. Kwenye korido. Mmoja alitoka damu. Na mwalimu alikuwepo, akawaangalia tu."

Baba aliweka uma chini taratibu. "Basi," alisema hatimaye. "Kama hali imefika hapo, basi. Tuombe Wexmoor."

Ugomvi ukaisha, kama mtu aliyezima redio. Usiku ule Dessa alilala katika nyumba tulivu, akajiambia kwamba hajamdhuru mtu yeyote. Shule haina masikio, haiwezi kuumia.

Lakini mama yake alikuwa jirani mwema. Asubuhi alimpigia Bi Quintanilla kumwuliza hali ya mgonjwa, na kabla ya kuagana alimweleza alichosimulia Dessa. Alifikiri si haki kumficha mama mwenzake jambo kama lile.

Marisol aliporudi kituoni Ijumaa, hakumsalimia Dessa. Macho yake yalikuwa mekundu, na haikuwa homa.

"Mama anasema siendi Tolliver," alisema. "Nitakaa kwa shangazi yangu Baltimore, nisome huko. Nitakuwa narudi nyumbani wikendi tu."

"Wikendi tu?"

"Anasema bora anikose siku tano kuliko nipigwe. Shangazi anaishi ghorofani, hawezi hata kusikia redio bila majirani kugonga ukuta. Tarumbeta nitapigia wapi?" Alijifuta pua kwa glavu. "Dessa, ni kweli uliwaona? Kwa macho yako?"

Hapo Dessa angeweza kusema. Lakini Bryce alikuwa amesimama karibu, ametega sikio.

"Niliwaona," alisema Dessa. Sauti yake mwenyewe ilisikika kama ya mtu mwingine.

Siku hiyo hakuelewa somo hata moja. Alijaribu kukumbuka ilianzia wapi, na kila alipojaribu, alishindwa kujua ni neno gani angelirudisha kwanza ili mengine yote yarudi nyuma.

Jumatatu alasiri, gari la kazi la baba yake lilimsubiri nje ya shule. Halikuelekea nyumbani.

"Tunakwenda Tolliver," alisema baba. "Nimeomba kuonana na mkuu wa shule. Nimeshindwa kulala, mwanangu. Mwalimu kumwangalia mtoto akitoka damu? Kama jambo hilo limetokea kwenye shule yangu, lazima mtu aniambie usoni."

Dessa alikaza mkanda wa kiti kama vile gari lilikuwa likianguka.

Mkuu wa shule, Bi Haverty, alikuwa mama wa makamo mwenye nywele za mvi alizozikata fupi. Aliwakaribisha kiti, akasikiliza bila kumkatiza baba. Kisha alimgeukia Dessa.

"Nisaidie, Odessa. Ilikuwa korido ipi?"

"Ile... ya karibu na sayansi."

"Na mwalimu aliyekuwepo alikuwa nani?"

Dessa alianza kuchezea zipu ya koti lake.

"Maana siku ile aliyekuwa nanyi kwenye korido hiyo ni Mwalimu Sung peke yake," alisema Bi Haverty. "Kama aliacha watoto wapigane, hawezi kuendelea kufundisha hapa kabla jambo hili halijachunguzwa. Itanibidi nimuulize mbele yenu." Akainua simu.

Muda si muda mlango ulifunguliwa. Mwalimu Sung aliingia na fimbo ya kuongozea bendi bado mkononi. Alipomwona Dessa, uso ulimchangamka. "Aa! Huyu si yule aliyewaonea huruma samaki wangu?"

Dessa aliangua kilio.

"Hakuna aliyepigana!" alisema. "Hakuna damu. Niliongopa. Mwalimu hakufanya chochote, jamani, msimfukuze!"

Baba yake alisimama, akakaa tena. "Dessa! Kwa nini?"

"Kwa sababu mlikuwa mnaniuliza kila siku! Na mimi sijui! Nikijibu hivi mama anaumia, nikijibu vile wewe unaumia. Nilitaka mnyamaze tu."

Baba alitazama viatu vyake vya kazi. Mwalimu Sung aliketi kwenye kona, fimbo juu ya magoti, amepauka kidogo kwa kufikiria yaliyokuwa karibu kumpata.

Bi Haverty alimpa Dessa karatasi laini ya kufutia machozi. "Kutojua si kosa," alisema. "Una miaka kumi na moja, na watu wazima wenyewe wanababaika na jambo hili. Ungesema 'sijui,' tungekusaidia kutafuta. Ila uliposema uongo, ulitupoteza sote pamoja nawe, na huyu bwana hapa angekuwa wa kwanza kulipia."

"Samahani, Mwalimu," Dessa alimwambia Mwalimu Sung.

"Nimekusamehe," alijibu. "Lakini kuna watu wengine umewaambia, au sivyo?"

Ndiyo, walikuwepo. Jioni ile ile Dessa aligonga mlango wa jirani. Baba na mama walisimama nyuma yake barazani, lakini walikuwa wamekubaliana kwamba atasema mwenyewe. Bi Quintanilla alifungua akiwa na unga wa mahindi mikononi; ndani kulinukia pupusa, mikate ya mahindi ya kwao, zikiiva. Dessa alisema yote.

Bi Quintanilla alimsikiliza hadi mwisho. "Binti yangu," alisema, "kwako yalikuwa maneno machache ya mezani. Mimi nimempigia wifi yangu, amehamisha kitanda cha mwanawe sebuleni ili Marisol apate chumba. Ukinipa habari ya uongo, mimi nafanya uamuzi wa kweli. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Bi Quintanilla."

Marisol alitokea nyuma ya mama yake. "Nilikuuliza kituoni," alisema. "Nilikuuliza kabisa." Akarudi ndani. Ilichukua wiki nzima kabla hajakaa tena kiti kimoja na Dessa ndani ya basi, na hata siku hiyo alikaa upande wa nje, ameukumbatia mkoba wake, hadi Bryce alipoanza utani wa helmeti na Dessa akageuka na kumwambia mbele ya wote, "Hakuna ugomvi Tolliver. Ule uongo ni wangu, usiuchukue." Marisol akausogeza mkoba.

Mama na baba waliomba ruhusa kazini, wakamchukua Dessa kuzitembelea shule zote mbili siku ya kawaida ya masomo. Safari hii hakuna aliyemuuliza anataka wapi. Walimuuliza ameona nini. Wexmoor kulikuwa kuzuri kweli, maktaba yake pana, walimu wake wakarimu, na safari ya kurudi ilikuwa ndefu hadi Dessa akasinzia. Tolliver, mama yake alisimama mlangoni mwa darasa la hisabati kipindi kizima, mikono ameikunja. Kengele ilipolia, mikono ilikuwa imekunjuka.

"Nadhani nataka Tolliver," alisema Dessa wakiwa ndani ya gari. Alisubiri mtu apige kelele. Hakuna aliyepiga. "Ila naogopa hisabati yao itakuwa rahisi kwangu. Na ile kelele ya korido bado inanitisha kidogo."

"Hisabati nimeuliza," alisema mama. "Wanaofanya vizuri wanasoma ya darasa la juu. Kelele utaizoea, au utatuambia ukishindwa." Alimtazama mumewe, kisha akamgeukia Dessa. "Sisi nasi tulikosea. Tulikuuliza, halafu hatukukuacha ujibu. Lakini na wewe ukumbuke: ukiwa umechanganyikiwa, sema umechanganyikiwa. Hilo nalo ni jibu, na ni la kweli. Uongo hauondoi mkanganyiko kichwani mwako. Unauhamishia kwenye vichwa vya wenzako, na huko hujui utafanya nini."

Baba aliwasha gari. Septemba, siku ya kwanza ya shule, Dessa na Marisol walikwenda Tolliver kwa miguu.