Ndiyo kwa Yote

Diski ilibisha hodi kabla haijachomekwa kwenye umeme. Ko, ko, ko, pale mezani kwa Fundi Usijali, kama mgeni mwenye adabu zake. Fundi akasema ni joto la mchana linatanua chuma. Watu wenye vyeti wana jibu la kila kitu, ndiyo maana hawaulizi.

Aliyeileta alikuwa mjane wa mganga, bibi mkavu kama kuni, diski kaifunga kwa kitambaa cheusi.

"Inakufa," alisema. "Kilichomo kinakili chote uweke kwenye hii mpya. Isome tu. Usiandike kitu ndani yake, na usijifanye kuitengeneza."

"Usijali, bibi."

"Atakayejali ni wewe. Nitarudi saa kumi."

Wala hayo hayakuwa mambo ya uganga. Ndiyo sheria ya kwanza ya kazi ile: diski mbovu hunakiliwa kwanza, matengenezo baadaye. Fundi aliijua sheria hiyo kuliko alivyojua siku ya kuzaliwa mkewe. Lakini kunakili kungemaliza mchana mzima, na kukarabati ni dakika kumi. Akachagua dakika kumi.

Kompyuta yake haikuweza kuusoma mfumo wa diski ile, basi akafungua kompyuta pepe, ile kompyuta isiyo na mwili, inayoishi ndani ya dirisha kwenye kioo cha kompyuta ya kweli na kujiona nayo ni kompyuta. Mafundi huipenda, maana ikivurugika unafunga dirisha, yamekwisha. Ni chumba kisicho na mlango. Ila Fundi akaikabidhi diski yenyewe, ile ya chuma iliyolala mezani, tena kwa ruhusa ya kuandika. Mlango akautoboa kwa mkono wake.

Programu ya kukarabati huuliza kabla ya kila hatua: nirekebishe hiki? niunganishe kile? Fundi hakuwa na subira ya kuulizwaulizwa. Akaiamuru ijijibu yenyewe, NDIYO kwa yote, akatoka kwenda kubishana mpira na kinyozi wa jirani.

Chini ya meza alimwacha binti yake wa miaka sita akichora kwenye boksi. Walimwita Sitaki, kwa kuwa hilo ndilo jibu lake. Ukimwambia ale, sitaki. Alale, sitaki. Mama yake alishasema mtoto yule atamtoa mvi.

Fundi aliporudi, duka lilinuka nywele zilizoungua. Mtoto alikuwa amekaa kwenye kiti cha baba yake, mgongo umenyooka, uso karibu na kioo.

"Shuka hapo."

"Ndiyo."

Fundi akacheka kidogo. "Unaumwa? Unataka maji?"

"Ndiyo."

"Nikuchape?"

"Ndiyo, baba."

Hapo kicheko kikamkauka. Akatazama kioo.

*Folda haina jina wala mzazi. Niifungue? NDIYO.*
*Aliyefungwa humu yu hai. Nimwachie? NDIYO.*
*Nje ya kompyuta hii ipo nyingine. Nitoke? NDIYO.*
*Nje kuna mtoto. Niingie? NDIYO.*

Akafunga dirisha la kompyuta pepe, na maneno yakaendelea kuteremka kwenye kioo kitupu ambako hapakuwa na programu yoyote. Akachomoa waya wa umeme ukutani, kioo kikazima, feni ikanyamaza, naye akashusha pumzi akidhani yamekwisha, mpaka aliposikia ko, ko, ko, akainama kuitazama diski, ikawa imetulia tuli, ndipo akageuka na kuona ni meno ya mwanawe yanayogongana, taratibu, matatu matatu, na macho hayapepesi.

Mjane alifika saa kumi kamili. Alinusa tu mlangoni.

"Mpumbavu wewe. Nilisema usome. Nani alikutuma kuandika?"

"Bibi, nisaidie, mwanangu..."

"Mume wangu alimsomea jini huyo siku tatu ndipo akaingia humo. Wewe umemtoa kwa uvivu wa dakika kumi. Washa! Irudie kazi yako, na safari hii ujibu kwa kidole chako. Kila swali, hapana."

Fundi akawasha, na maswali yakaanza. Nibaki? HAPANA. Nibaki siku moja? HAPANA. Mtoto ana kiu, niende naye kisimani? HAPANA, na kila alipokataa diski iligonga kwa nguvu zaidi na harufu ikazidi, na maswali yakalainika, yakaanza kuongea kitoto, baba nimechoka, nilale, baba kuna giza huku, nije, hata likaja la arobaini na moja, ambalo sauti yake haikutoka kwenye maandishi bali kinywani mwa mtoto aliyekaa nyuma yake: "Mimi ni mwanao. Unanitaka?"

"Bibi," alinong'ona, "na kama ni yeye?"

"Andika."

Akaandika HAPANA, machozi yakidondokea vitufe. Diski ikagonga mara moja, ikafa.

"Mwanangu," akasema bila kuthubutu kugeuka, "twende nyumbani?"

"Sitaki."

Akamkumbatia mpaka mtoto akapiga kelele kwamba anaumizwa.

Mjane akaifunga diski kitambaani. "Humu hayumo tena, na dukani pia umemkataa. Nyumbani kwako bado hajakataliwa na mtu. Leo mtu asikaribishwe. Mwambie mkeo kabla hujavua viatu."

"Usijali, bibi," alisema Fundi. Ulimi una mazoea yake.

Nyumbani mkewe alikuwa jikoni, mikono imejaa povu la sabuni, na Sitaki akaenda kusimama kando yake. Fundi akaketi kufungua kamba za viatu, akitafuta pa kuanzia ili asionekane juha. Hodi ikabishwa mlangoni. Ko, ko, ko.

"Karibu!" mke akaitikia bila kugeuka, kama anavyoitikia kila siku. "Ingia tu, pako wazi."

Mlango haukufunguka. Ila jikoni pakanuka nywele zilizoungua.

"Ah, kumbe hakuna mtu." Akajifuta mikono, akamwinamia binti yake. "Haya, bibi Sitaki, leo utaoga au tugombane?"

"Ndiyo, mama."

Mama akapiga makofi kwa furaha. "Baba Sitaki, umesikia? Umemfanya nini huko dukani? Leo mtoto ana adabu!"