Kopo Lililoandikwa Faida

Sikilizeni, jamaa zangu, habari za nyumba moja isiyokuwa na mlevi wala mvivu, ambayo ilikuwa inafilisika huku ikicheka.

Asubuhi hiyo banda lilikuwa limetulia. Mama Trei, kama mtaa mzima ulivyomwita, alipita katikati ya kuku wake mia mbili akiokota mayai yenye joto na kuyapanga. Trei tano zikajaa, yakabaki mayai mawili. Akahesabu upya. Mwezi uliopita yalikuwa yakibaki kumi na mawili.

"Labda ni joto," akajiambia, lakini moyo haukutulia.

Hapo mumewe akaingia mbio. Watu walimwita Meneja kwa sababu alikaa getini kutwa, kalamu sikioni, akipokea wateja.

"Mama watoto, pikipiki imepatikana! Milioni moja na nusu tu, matairi bado yana nywele. Kesho mchana mwenyewe anaileta. Mayai yatafika mjini kabla sijamaliza kupiga honi!"

Akateremsha kutoka juu ya kabati kopo kubwa la maziwa ya unga. Ubavuni liliandikwa kwa rangi nyekundu: FAIDA. Ndani mlikuwa na milioni moja na nusu, na elfu ishirini juu yake. Ilikuwa akiba ya miezi kumi.

Mama Trei alitaka kufurahi, akashindwa. Alikumbuka kuku wao wa kwanza, walioacha kutaga karibu wote kwa msimu mmoja. Meneja alisema ni jicho baya la majirani. Siku hiyo kopo lilikuwa tupu, kwa maana faida ilikwisha kuwa sofa. Ikabidi Mama Trei auze cherehani aliyopewa na mama yake siku ya harusi, ndipo wakapata vifaranga wengine. Safari hii nyumbani hakukubaki cha kuuza ila mabati ya banda lenyewe.

Adhuhuri wifi yake akapita kusalimia. Huyu alikuwa karani wa hesabu kwenye kinu cha unga, na ulimi wake ulikuwa mkali kuliko kalamu yake.

"Wifi, umenenepa! Mayai unayauza au unayala?"

"Mimi nakula maganda. Mayai anayamaliza kaka yako."

Wakacheka, kisha Mama Trei akamweleza habari ya pikipiki na mayai yanayopungua. Wifi akaomba daftari, akalipekua polepole.

"Chakula umeandika. Chanjo umeandika. Hata maranda ya kutandika sakafuni umeandika. Kuku je?"

"Kuku wanaandikwaje, wifi? Si wapo bandani?"

"Wapo mpaka lini?"

Mama Trei akainamia daftari. Wifi akamsukumia kalamu, akamwambia apige hesabu mwenyewe. Kuku mmoja, tangu kununuliwa kifaranga mpaka yai la kwanza, alikuwa amewagharimu elfu kumi na nane. Akichoka kutaga, huuzwa elfu nane. Kwa hiyo elfu kumi hupotea. Na katika muda wake wote hutoa kama trei kumi.

"Basi kila trei ina elfu moja ya kuku," Mama Trei akasema taratibu.

"Kila trei uliyouza, wifi yangu, umeuza na kipande cha kuku. Trei unauza elfu nane, chakula na mengineyo ni elfu sita. Mkaona elfu mbili, mkaziita faida. Moja si yenu, ni ya banda. Mmeuza trei ngapi tangu hawa waanze kutaga?"

Mama Trei akafunua kurasa. "Elfu moja na mia tano."

Akageuka kulitazama lile kopo. Hakuhitaji kalamu tena.

Meneja, aliyekuwa anasikiliza mlangoni, akadakia, "Sasa kuku nao walipwe mshahara? Kesho watadai likizo!"

"Kaka, faida yenu mmeshaila, na mmeila vizuri. Ile milioni moja na nusu kwenye kopo ni kuku watupu. Faida yako humo ni elfu ishirini."

"Elfu ishirini nitanunulia nini?"

"Helmeti. Ya mtumba."

Meneja hakucheka. "Kuku wanataga, nyinyi mnawazika!" akafoka, akatoka.

Ndugu zangu, msimcheke. Wangapi kati yetu tumeshika noti mkononi tukaamini ni zetu zote?

Kesho yake mchana pikipiki ikaja ikinguruma mpaka getini. Meneja akaipanda, akashika usukani, uso ukamng'aa kama mtoto. Mama Trei akatoka na kopo mikononi.

"Pesa hizi hapa, baba watoto. Sikukatalii. Nijibu neno moja tu. Hawa kuku wamebakiza miezi mitatu, minne. Vifaranga wanataka miezi mitano kabla ya yai la kwanza, na hatujanunua hata mmoja. Hawa wakichoka, pikipiki itabeba nini?"

"Si itabeba mayai!"

"Ya nani?"

Meneja akageuka kutazama nyumbani. Mlango wa sebuleni ulikuwa wazi. Pale kwenye saruji, kando ya sofa, zilionekana bado alama nne za miguu ya cherehani. Akazitazama kwa muda mrefu. Kisha akazima injini.

"Nisamehe, ndugu yangu," akamwambia mwenye pikipiki. "Mzigo sina."

Haikuwa rahisi. Walinunua vifaranga na kuwalea kwa pesa za kopo, na mtaani wakamwita Meneja wa Miguu. Kuku wazee walipopungua kutaga waliwauza, na kwa wiki kadhaa nyumba ikabana matumizi. Lakini hakuna bati lililong'olewa. Juu ya kabati pakakaa kopo la pili, limeandikwa KUKU, na kila trei iliyouzwa ilitupia humo elfu moja kwanza.

Siku moja, kuku wazee wakiwa bado wanataga, mwenye mgahawa akataka trei ishirini kwa elfu sita na mia tano kila moja. Zamani Meneja angemkumbatia. Sasa akatoa kalamu sikioni, akaandika kiganjani, akatikisa kichwa.

"Kwa bei hiyo, mzee, nakupa na kuku wangu bure."

Mzee akaguna, akalipa elfu saba na mia tano.

Kopo la FAIDA nalo likaanza kujaa tena, polepole. Mama Trei akamuuliza mumewe kama bado anaitaka pikipiki.

"Itakuja," akasema bila kumtazama. "Kwanza cherehani."

Zile elfu ishirini alizinunulia helmeti kweli, ya mtumba, akaiweka kwenye kona ya banda ili asisahau. Asubuhi moja kuku wapya wakapiga kelele isiyo ya kawaida. Mama Trei akakimbilia bandani, akachungulia, akacheka mpaka akakaa chini. Ndani ya helmeti mlikuwa na yai dogo la kahawia, la kwanza.

FUNZO

Jamaa zangu, pesa inayobaki baada ya kuuza si lazima iwe faida. Kuku, cherehani, jiko, gari, kila chombo kinachotulisha kinachakaa siku kwa siku, na uchakavu huo ni gharama hata kama hakuna anayekuja kuidai. Tuipige hesabu, tuitenge kabla ya kula, na tuitazame kabla ya kukubali bei au kununua kitu kikubwa. Nasi tuliosoma hesabu tusizifungie ofisini, tuwapelekee mama zetu na wifi zetu. Nyumba ile haikuokolewa na bahati. Iliokolewa na daftari, na mume aliyekubali kuzima injini.