Gundi Haijakauka, Chapuchapu!

Kila alipotoka shule, Chapuchapu alivua sare, akanawa mikono kwa sabuni hadi kwenye viwiko, kisha akaingia sebuleni kufanya kazi. Kunawa huko hakukuwa kwa hiari. Sebule yao ilikuwa karakana, na kidole kimoja chenye mafuta kingeweza kuharibu jalada jipya mbele ya macho ya Mama. Makochi yalikuwa yamesukumwa ukutani tangu zamani. Katikati palikuwa na meza ndefu, na juu yake cherehani, kisu cha kukatia na mabunda ya karatasi za njano.

Mama yake alikuwa fundi wa pochi za kadi za biashara. Pochi yenyewe ilikuwa ndogo, ya kuenea kiganjani. Ukiifungua, upande wa kushoto unaona mfuko wa kuwekea kadi, zile zinazoandikwa jina la mtu, kazi yake na namba yake ya simu. Upande wa kulia kuna kibunda cha vikaratasi vya njano vya kunata. Ukitaka kumwachia mtu ujumbe, unaandika, unabandua, unabandika mlangoni au mezani, basi.

"Mwenye pochi yangu hatafuti karatasi wala gundi," Mama alipenda kujisifu. "Labda aombe kalamu tu!"

Aliyekata majalada na kuyashona alikuwa Mjomba, kaka yake Mama, mtu wa kipara kinachong'aa na maneno yasiyokauka mdomoni. Yeye ndiye aliyempa mpwa wake jina la Chapuchapu. Binti huyo wa miaka kumi na miwili alikuwa akila haraka, akizungumza haraka na kukimbia hata pale ambapo kutembea kungetosha. Mjomba alisema alizaliwa kabla mkunga hajafungua mkoba wake, na Mama hakuwahi kukanusha.

Kwa muda mrefu kazi ya Chapuchapu ilikuwa kuhesabu karatasi na kufagia vipande. Brashi ya gundi ilikuwa ya Mama peke yake. Chapuchapu aliitamani brashi hiyo kuliko kitu chochote ndani ya nyumba. Aliiomba kwa upole, akaiomba kwa kununa, akaiomba hadi Mjomba akatishia kuziba masikio kwa nta.

Siku moja kazi kubwa ikaingia. Mwenye duka la vifaa vya ofisi aliagiza pochi za kugawa kwenye mkutano wa wakunga. Alimwahidi Mama kwamba wakunga wakizipenda, pochi zake zitawekwa kwenye kabati la kioo karibu kabisa na mlango wa duka, mahali ambapo kila anayeingia lazima aone. Mama alikuwa akiliota kabati lile tangu aanze ufundi. Kazi zikawa nyingi, mikono michache. Basi Mama akamwita Chapuchapu mezani na kumkabidhi brashi.

"Sikiliza vizuri," alisema. "Unazipanga karatasi zipandane kama ngazi, kila moja ichungulie kidogo. Unapitisha gundi hapo panapochungulia. Halafu unangoja. Gundi hii ina tabia yake. Ukiiacha ikauke, karatasi zitanata na kubanduka kila utakapo. Ukizikusanya ikiwa bado mbichi, zinashikana moja kwa moja. Ukitaka kuzibandua, zinachanika. Umeelewa?"

"Nimeelewa, Mama."

"Utajuaje kama imekauka?"

"Nitaigusa kwa mgongo wa kidole."

"Na usipokuwa na uhakika?"

"Nitangoja tena."

Mama akatabasamu na kwenda kununua uzi. Mjomba naye akatoka kupeleka kisu kikanolewe. Chapuchapu akabaki na brashi yake, amevimba kichwa kwa furaha. Alipanga karatasi vizuri sana. Alipaka gundi kwa mstari ulionyooka, bila tone hata moja kudondoka. Kazi ilikuwa safi, na yeye mwenyewe aliona hivyo.

Hapo ndipo aliposikia kamba ikipiga chini barabarani. Tap! Tap! Tap!

"Chapuchapu!" Dirishani palitokeza uso wa Springi, rafiki yake, aliyeitwa hivyo kwa namna alivyoruka kamba. "Wa mtaa wa juu wamefika kushindana! Wanasema hatutokei kwa sababu tunawaogopa!"

"Nangoja gundi ikauke."

"Basi tutafungwa ukiwa unaitazama gundi."

Chapuchapu alichukua mfuniko wa sufuria akaipepea gundi kwa nguvu. Akaigusa. Ilimng'ang'ania kidole. Akapepea tena, mara hii huku akichungulia dirishani. Nje kelele zikapanda. Akajiambia kwamba gundi itamalizia kukauka yenyewe huko ndani, akakusanya karatasi zote zikawa mabunda, akayakandamiza kwa pasi ya chuma, akatoka mbio.

Walishinda. Chapuchapu aliruka kamba mbili zikipishana hadi wa mtaa wa juu wakaacha kuzomea, wakaanza kushangilia. Aliporudi nyumbani, alimkuta Mama akiyatazama mabunda yale kwa furaha. Kwa juu yalikuwa yamenyooka, hayana kasoro. Mama alimwamini, hakukagua. Mjomba aliyashona ndani ya pochi, akazichanganya na zile zenye mabunda ya Mama, akazipanga zote kwenye maboksi. Kibunda kimoja kilichobaki akampa mpwa wake.

"Zawadi ya bingwa," alisema.

Kesho yake, Ijumaa, wakati wa mapumziko shuleni, Springi alitaka kuandika matokeo ya mashindano ili ayabandike kwenye dawati lake. Chapuchapu akatoa kibunda chake kwa mbwembwe. Akashika karatasi ya juu, akavuta. Haikutoka. Akavuta zaidi, ikachanika katikati. Ya pili ikachanika vilevile.

"Mbona zimeng'ang'aniana hivi?" Springi aliuliza.

Chapuchapu alikigeuza kibunda, akakitazama ubavuni. Alijua mara moja kilichotokea, na alijua pia kwamba pochi zenye mabunda kama hayo zilikuwa kwenye maboksi, na kwamba mwenye duka angezichukua kesho asubuhi.

Alipomweleza Springi, rafiki yake alikuna kichwa. "Si unyamaze tu? Watadhani karatasi zenyewe ni mbovu."

Ushauri huo ulimfuata Chapuchapu darasani kutwa nzima, na kusema kweli, ulimvutia. Akisema, Mama ataichukua tena brashi yake, tena pengine kwa miaka. Akinyamaza, hakuna atakayejua. Lakini kila alipofikia hapo, alimwona mkunga fulani amekaa na mama aliyetoka kujifungua. Mkunga anataka kumwandikia siku ya kurudi kliniki. Anafungua pochi, anavuta karatasi, inachanika. Anavuta nyingine, inachanika. Kisha anaigeuza pochi kutazama ni nani aliyeitengeneza.

Alirudi nyumbani akitembea. Mjomba, aliyezoea kumwona akiingia kama upepo, alimwuliza kama anaumwa.

Sebuleni Mama alikuwa akizungumza na jirani. "Siku hizi nina fundi mwenzangu," alikuwa akisema, huku macho yakimng'aa. "Tazama mwenyewe, yule binti yangu ana mkono wa kazi."

Sifa hizo zilimchoma Chapuchapu kuliko fimbo. Jirani alipoaga na kutoka, alipiga moyo konde akasimama mbele ya mama yake.

"Mama, jana sikungoja. Nilikusanya karatasi gundi ikiwa mbichi nikaenda kuruka kamba. Zimeshikana. Hazibanduki."

Akatoa kile kibunda kilichochanika. Mama alikishika, akajaribu karatasi moja, akajaribu nyingine. Furaha yote ikamtoka usoni. Akakaa kitini taratibu.

"Ziko kwenye pochi zipi?"

"Sijui. Mjomba amezichanganya."

"Mjomba hakuchanganya," Mjomba aliruka. "Mjomba alifuata maagizo!"

Mama hakucheka. Machozi yakamlengalenga Chapuchapu. "Nisamehe, Mama. Brashi nitairudisha."

"Uirudishe, halafu nani atayatengeneza mabunda mapya?" Mama alisimama, akakunja mikono ya gauni lake. "Nimeumia, sikufichi. Lakini umeniambia leo, na pochi bado zimo ndani. Ungeniambia kesho jioni, ningefanya nini? Haya, fungua maboksi yote. Tunajaribu moja moja."

Maboksi yalikuwa mengi, watu watatu. Chapuchapu akatoka mbio, na safari hii mbio zake zilikuwa na maana. Alirudi na Springi na timu nzima ya kamba. Mama akawapanga kwenye beseni la maji, kila mmoja akanawa hadi viwikoni.

Kazi ikaanza. Ukifungua pochi, unabandua karatasi ya juu. Ikitoka vizuri, pochi inarudi kwenye boksi. Ikigoma, inakwenda kwa Mjomba, naye anaitoa mshono na kuondoa kibunda kibaya. Tatizo likawa moja: zile karatasi nzuri zilizobanduliwa ziwekwe wapi? Zilinata kila mahali. Walizibandika ukutani, mlangoni, kwenye makochi, kwenye migongo ya wenzao. Kabla ya magharibi sebule yote ilikuwa njano, nao walikuwa wamevunjika mbavu kwa vicheko. Hata Mama alicheka alipogundua kwamba amekuwa akizunguka na karatasi kisogoni.

Chapuchapu yeye alikuwa mwisho wa meza na brashi yake. Alipanga karatasi juu ya ubao, akapaka gundi, akaweka brashi chini, akakaa juu ya mikono yake ili isimponyoke. Kungoja huko kulimtesa. Miguu ilicheza chini ya meza bila ruhusa.

"Imekauka?" aliuliza Springi.

Akaigusa kwa mgongo wa kidole. "Bado."

"Na sasa?"

"Bado!"

Timu nzima ikaligeuza jibu hilo kuwa wimbo. Mmoja anauliza, wote wanajibu "Bado!" huku wakipiga meza kwa viganja. Chapuchapu alipogusa mara nyingine, kidole kikatoka kikavu. Akagusa tena, na tena, kuhakikisha. "Imekauka!" alipiga kelele, na shangwe zikalipuka kuliko zile za ushindi wa kamba. Springi akaandika IMEKAUKA kwenye karatasi moja na kuibandika kwenye ubao huo. Kila ubao uliofuata ukapata karatasi yake. Waliporudi makwao kwa chakula cha jioni, mabunda mapya yalikuwa tayari, na Mjomba akayashona ndani ya pochi kabla ya kulala.

Jumamosi asubuhi mwenye duka aliwasili. Alikuwa mwanamama mrefu, miwani ikining'inia kifuani kwa mnyororo, na alisifika kwa kutoamini kitu ambacho hajakishika.

"Shikamoo," alisalimu Chapuchapu.

"Marahaba, mwanangu." Alivaa miwani, akafungua pochi, akatazama kibunda kwa ubavu, kisha akalinganisha na kingine. "Fundi, naona havilingani. Vingine vina karatasi pungufu. Kuna nini?"

Mama alimtazama binti yake. "Aeleze fundi aliyehusika."

Chapuchapu akaeleza yote, tangu kamba hadi wimbo wa "Bado". Hakuruka kitu, wala hakuharakisha. Mama alisimama nyuma yake, mkono begani mwake. Mwenye duka alisikiliza bila kubadilika uso, na hakuna aliyejua kama atachukua mzigo au atauacha.

"Sawa," alisema mwishowe. "Lakini gundi hiyo nitaiaminije? Leo inabanduka. Je, kesho?"

Wakati huohuo Mjomba, asiyependa kuona dada yake akihojiwa, aliinama kunyanyua boksi la kwanza. Mwenye duka akakitazama kipara chake. Akasogea karibu. Katikati ya kipara palikuwa na karatasi ya njano yenye herufi kubwa: IMEKAUKA.

"Hii imekaa hapa tangu lini?" aliuliza.

"Nini?" Mjomba alijipapasa kichwa.

Chapuchapu alijikaza asicheke. "Tangu jana jioni."

"Nimelala nayo?"

Mwenye duka aliishika karatasi kwa ncha za vidole, akaivuta taratibu. Ikatoka nzima, bila kuchanika, bila kuacha alama. Akaibandika kwenye boksi, ikashika. Akaibandua tena, akaibandika kwenye mkoba wake, ikashika. Hapo akavua miwani na kucheka hadi machozi yakamtoka, na wote wakacheka naye, Mjomba akiwa wa kwanza.

"Maboksi yote yapakiwe," alisema. "Na kabati la kioo nitalisafisha leo hii, sitangoja wakunga. Pochi nzuri nimeziona nyingi, fundi. Mtu wa kuniambia kosa la kazi yake ambalo nisingeligundua mwenyewe ni adimu. Huyo naweza kufanya naye biashara bila kuhesabu karatasi."

Mama alimkumbatia Chapuchapu mpaka pumzi ikataka kumkatika. Gari la mzigo lilipoondoka, alimketisha kitini.

"Mwanangu, wepesi wako ni zawadi, sitaki uupoteze," alimwambia. "Lakini kazi ina wakati wa kukimbia na wakati wa kungoja, na fundi ni yule anayevijua vyote viwili. Na siku ukikosea, maana utakosea tu, uniambie mapema kama ulivyofanya. Kosa likisemwa mapema linarekebishika."

"Na brashi, Mama?"

"Ipo mezani. Unangoja nini?"

Mchana huo kamba ikapiga tena barabarani. Tap! Tap! Tap! Uso wa Springi ukatokeza dirishani. "Chapuchapu! Wa mtaa wa juu wamerudi!"

"Waambie wasubiri kidogo," alijibu, huku mgongo wa kidole ukiwa kwenye gundi.

"Imekauka?"

"Bado!"

Na huko nje, timu nzima ikaanza kuimba.