Jumatatu Hotelini kwa Tima

Mbuvi alikuwa fundi wa baiskeli katika soko la Migwani. Ukipita kibandani kwake ungemkuta amepindua baiskeli ya mtu, magurudumu juu, mikono myeusi kwa grisi. Alipenda kuongea na mnyororo wa baiskeli akifanya kazi. "Wewe nyororo, tulia. Jana nimekupaka mafuta, leo unalia nini?"

Mkewe, Kalunde, alisuka vyondo, vikapu vya kamba za katani, nyumbani. Walikuwa na watoto wanne, Mutie akiwa wa kwanza, na mbuzi mmoja wa maziwa. Mbuzi huyo alikuwa wa Kalunde. Alipewa na mama yake.

Mwaka huo wa 1981, wafanyabiashara wanne wa Migwani walikuwa na kikundi chao. Walikutana kila Jumatatu asubuhi katika hoteli ya Tima, kabla ya kufungua kazi zao. Tima alikuwa mama Mwislamu. Wazazi wake walitoka pwani, lakini yeye alizaliwa Kitui, na Kikamba chake kilikuwa safi kuliko cha wengi. Wengine walikuwa Mbuvi, Nzomo mwenye bucha, na Muli fundi cherehani.

Kikundi kilianzishwa ili watu wapeane habari za biashara kila wiki. Hayo ndiyo maneno waliyosema siku ya kwanza. Tangu siku hiyo, hakuna aliyempa mwenzake habari yoyote.

Jumatatu moja ya mwezi wa kumi, Tima alimimina chai akauliza, "Haya. Mbuvi, una habari gani wiki hii?"

"Hakuna. Kimya tu," alisema Mbuvi, akitazama dari.

"Nzomo?"

"Hata mimi hakuna," alisema Nzomo, akitazama sakafu.

"Mimi pia sina," alisema Tima, akatazama birika.

Muli peke yake alikuwa na maneno. Alieleza jinsi suruali ya naibu wa chifu ilivyopasuka barazani. Alianza na siku kitambaa kiliponunuliwa. Chai ilipoa. Aliposimama kuonyesha mahali penyewe ilipopasukia, wenzake walikuwa wameondoka.

Ukweli ni kwamba wote walikuwa na habari moja. Mbuvi aliisikia kwenye mashine ya kusaga mahindi. Mama mmoja alikuwa akimwambia mwenzake, "Ijumaa ijayo waumini zaidi ya mia tatu watakuja kanisani Migwani. Watakaa siku tatu."

Mbuvi hakungoja kusikia zaidi. Alibeba unga wake na kwenda nyumbani akihesabu magurudumu. "Watu mia tatu. Barabara ni ya miiba. Fundi wa baiskeli ni mmoja. Na huyo mmoja ni mimi!"

Jumanne alipanda basi kwenda Mwingi. Alirudi na gunia mgongoni.

Kalunde alitoka nyuma ya nyumba akiwa na kibuyu cha kukamulia. "Baba Mutie, mbuzi wangu yuko wapi?"

Mbuvi alifungua gunia. Ndani kulikuwa na tyubu na tairi za baiskeli. "Huyu hapa."

Kalunde alitazama gunia. Alimtazama mumewe. "Tangu lini mbuzi akawa tyubu?"

"Ngoja Ijumaa, utaona."

"Ijumaa kuna nini?"

"Ni siri ya biashara."

"Na kesho asubuhi watoto watakunywa chai ya tyubu?"

Mbuvi alianza kuhesabu tyubu. Watoto walikunywa chai ya rangi siku hiyo na siku zilizofuata. Kalunde hakumsemesha mumewe ila kwa mambo ya lazima, kama "Sogea."

Ijumaa ilifika. Tangu alfajiri Mbuvi alikuwa amekaa mbele ya kibanda, tyubu zimening'inia juu yake kama soseji. Alishangaa kuona Nzomo amechinja mbuzi wawili, na wa tatu amefungwa nyuma ya bucha akingoja zamu. Alishangaa zaidi kuona Tima ametoa makarai mawili yaliyojaa maandazi. Naye Muli alikuwa amebeba cherehani kichwani, akielekea kwenye lango la kanisa.

"Leo kuna nini?" Nzomo aliuliza kwa sauti ya juu.

"Hakuna. Kimya tu," alijibu Mbuvi.

Saa tatu wageni walifika. Walikuja kwa malori matatu, wamesimama, wakiimba. Mbuvi alitafuta baiskeli kwa macho mpaka vumbi likatulia. Ilikuwa moja tu. Mwenyewe alikuwa mzee wa kanisa, akiisukuma.

Mbuvi alimkimbilia. "Karibu, mzee! Tubadilishe tyubu? Tairi?"

"Niwekee upepo tu, kijana wangu," alisema mzee.

Upepo haulipiwi. Mbuvi aliweka upepo.

Kwa Nzomo mambo yalikuwa mabaya zaidi. "Nyama! Nyama laini ya mbuzi!" alipaza sauti. Wageni waligeuza nyuso zao upande wa pili. Alikata kipande kizuri cha mguu akamfuata nacho mama mmoja mzee. Mama huyo alisimama, akaweka mkono juu ya kofia ya Nzomo, akafumba macho na kuanza kumwombea.

"Mama, unaniombea nini?" Nzomo aliuliza.

"Uache kujaribu watu wa Mungu. Tumekuja kufunga na kuomba mvua. Hatuli kitu mpaka Jumapili."

Kwa Tima, nzi peke yao ndio waliokuja kwenye maandazi. Naye Muli alifukuzwa langoni. Aliambiwa cherehani yake inapiga kelele kuliko maombi.

Saa kumi jioni wote wanne walikuwa hotelini, wakitafuna maandazi na nyama iliyobaki. Wakati huo aliingia Ndinda, mwalimu wa ngumbaru, yaani masomo ya watu wazima. Nyumba yake ilikuwa karibu na hoteli. Alikuja kuomba sufuria kubwa ya kuchemshia wageni maji ya kunywa.

"Kumbe leo mna karamu!" alisema.

"Ni matanga, mwalimu," alisema Nzomo. "Nani alijua watu hawa wanafunga?"

"Mimi nilijua. Ilitangazwa kanisani Jumapili tatu mfululizo. Wewe si ulikuwa umekaa mbele yangu?"

Nzomo alikuna shingo. "Wakati wa matangazo mimi hulala kidogo."

Tima aliweka kikombe chini kwa nguvu. "Lakini mlijua wanakuja na hamkuniambia? Hata mimi nilisikia wanakuja nikanyamaza. Tumekuwa wajinga wote! Kufunga nafunga kila mwaka. Mngeniambia neno hilo moja, ningejua cha kupika na saa ya kupika."

Mbuvi naye akakiri. Muli pia. Ndinda alicheka mpaka akakaa kwenye benchi.

"Kwa nini mlifichana?" aliuliza.

"Mwalimu, biashara ni siri," alisema Nzomo. "Nikimwambia Mbuvi, si atanichukulia wateja?"

"Mbuvi anauza nyama?"

"Hapana."

"Wewe unatengeneza baiskeli?"

"Nitawezea wapi?"

"Basi mnafichana nini?"

Nzomo alichukua andazi lingine. Nje, mbuzi wa tatu alilia meee.

"Kila mmoja alishika kipande cha habari," Ndinda aliendelea. "Mbuvi alijua idadi. Hakujua wanasafiri na nini. Nzomo alijua siku. Hakujua wanakuja kufanya nini. Habari ni kama baiskeli. Mmoja ana gurudumu, mwingine ana usukani, hakuna anayefika popote. Ukisikia habari, uliza: Ni nani? Ni nini? Ni lini? Ni wapi? Halafu uliza la tano: Nimejuaje? Nimeambiwa na mwenyewe, au nimesikia kwenye mashine ya kusaga?"

Mbuvi aliinamisha kichwa.

"Na mkikutana, kila mtu aseme mambo matatu. Nina nini. Nahitaji nini. Nimesikia nini kinachoweza kumsaidia mwenzangu. Aseme kwa kifupi."

Wote walimgeukia Muli.

"Mbona mnanitazama?" aliuliza Muli.

Tima ndiye aliyepata dawa. "Anayesema atashika kikombe cha bati kilichojaa chai ya moto. Kikimchoma, akae."

Siku hiyohiyo walianza. Tima aliuliza wageni watafungua saa ngapi Jumapili. Ndinda aliwapeleka wenyewe kwa mchungaji, wasikie kwa mdomo wake. Saa saba mchana, alisema, baada ya ibada. Jumapili Tima alipika uji mwepesi wa wimbi. "Tumbo lililofunga halianzi na nyama," aliwaambia wenzake. "Kwanza uji. Baada ya saa moja, supu." Nzomo alimchinja mbuzi wa tatu wakati unaofaa, na mama yule mzee alikunywa mabakuli mawili ya supu. Safari hii alimwombea Nzomo baraka.

Lakini Mbuvi alibaki na gunia lake.

Jumatatu iliyofuata, Muli alisimama wa kwanza na kikombe cha moto. Alisema maneno mengi sana. Chai ilikuwa inatoa moshi, naye hajali. Tima alichungulia akaona Muli amevaa kwenye vidole vile vikofia vya chuma vya kuzuia sindano. Vitano! Alivuliwa vyote.

"Cherehani yangu inalia kwii-kwii na kuvutia siafu!" Muli alisema haraka, akirukaruka. "Nahitaji msaada! Nimekaa!"

"Unaipaka mafuta gani?" Mbuvi aliuliza.

"Ya kupikia."

"Kumbe! Hayo huganda, na siafu huyapenda. Nitakupa mafuta ya mashine. Kwanza uipanguse kwa mafuta ya taa, ikauke, ndipo upake matone machache."

Ilifika zamu ya Mbuvi. Alishika kikombe. Aliona haya. Alikuwa hajawahi kusema mbele ya watu kwamba ana shida.

"Nina gunia la tyubu na tairi," alisema. "Nilitoa mbuzi wa mke wangu. Watoto hawana maziwa. Nahitaji watu wenye baiskeli."

Muli alikuwa bado anapuliza vidole vyake. Aliinua kichwa akasema, "Kama wale wahudumu wa afya?"

"Wahudumu gani?"

"Nimewashonea sare. Watu kumi na sita. Wanatembelea nyumba vijijini. Wamepewa baiskeli mwezi uliopita, na wanalalamika kila siku juu ya miiba. Huko kwao hakuna fundi."

Mbuvi aliacha kikombe kikaanguka. "Muli! Kila Jumatatu unaongea mpaka chai inapoa. Kwa nini hukusema hili?"

"Nilikuwa bado sijamaliza habari ya suruali," alisema Muli.

Zamani Mbuvi angekimbia na gunia begani. Sasa alikaa chini, akavuta pumzi. "Ni nani mkubwa wao? Wako wapi? Na baiskeli zao ni za gurudumu la kiasi gani?" Muli hakujua la mwisho. Basi walikwenda pamoja kuuliza. Mbuvi alimkuta msimamizi wao, akajitambulisha, akapima gurudumu kwa mkono wake. Lilikuwa la inchi ishirini na nane, sawa na tyubu zake. Akaonyesha kazi yake hapohapo kwa kuziba tyubu mbili. Msimamizi alipanda baiskeli, akazunguka uwanja, akarudi akitabasamu. Walikubaliana Mbuvi azitunze baiskeli zote, kila Alhamisi.

Kabla ya Krismasi gunia lilikuwa tupu. Mbuvi alikwenda mnadani akarudi na mbuzi wa maziwa, na safari hii alimchukua Kalunde amchague mwenyewe. Alikuwa mbuzi mkali. Alimpiga Mbuvi pembe njia nzima, na Kalunde hakumkataza.

Siku moja mwezi wa pili, kikundi kilikuwa kimekaa hotelini. Sasa kilikuwa na watu tisa. Mbuvi alikuwa ameanza masomo ya ngumbaru kwa Ndinda, kwa hiyo alipewa kazi ya kuandika habari za wiki kwenye daftari. Alikuwa ameuma ncha ya ulimi, akiandika, aliposikia sauti anayoijua.

"Hamjambo. Naweza kuingia?"

Ilikuwa Kalunde. Alikuwa na vyondo viwili begani.

"Karibu, Mama Mutie," alisema Tima, akampa kikombe cha moto.

Kalunde alikishika bila kutikisika. Mikono yake ilizoea sufuria. "Mimi ni Kalunde. Nasuka vyondo. Nina wanunuzi wengi kuliko vyondo, kwa sababu kamba za katani zimeadimika huku. Nahitaji katani. Na nimesikia kwa mwalimu mkuu wa shule yetu kwamba wanatafuta mtu wa kushona nguo za kwaya. Muli, nenda leo." Akakaa.

Muli alikuwa ameshafika mlangoni.

"Katani?" Nzomo alisema. "Shemeji yangu yuko Makindu, anauza katani. Hana pa kuiweka! Mwenyewe hupitia hapa mwisho wa mwezi kununua mbuzi. Nitamwambia akuletee. Na huko Makindu wasafiri wa barabara ya Mombasa hununua vyondo kila siku."

Mambo yote yalikwisha kabla chai haijapoa. Mbuvi alimtazama mkewe, mdomo wazi.

"Mama Mutie, ulikuwa huna katani? Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia mara tatu," alisema Kalunde. "Ulikuwa unaongea na nyororo."

Wote walicheka mpaka wapita njia wakachungulia dirishani. Mbuvi naye alicheka, ingawa masikio yake yalikuwa yamepata moto. Kisha aligeuza ukurasa mpya. Alikuwa hajawahi kuandika jina la mkewe. Alilitamka polepole, herufi kwa herufi, akaliandika juu kabisa ya ukurasa: KALUDE.

Kalunde aliinama kutazama. Yeye alisoma mpaka darasa la nne.

"Umeacha N," alisema, akamshika mkono, na wakaiandika pamoja.